SAA YA MAJI KUPWA

Somo: Ruthu 1:19–22 na 2:1–17

  Najua wengine mnanisikiliza jikoni, chai ingali motoni. Wengine mko njiani, kikapu mgongoni, mkienda kuchuma kabla jua halijapanda. Nipeni dakika chache tu, tufikiri pamoja.

Asubuhi ya leo napenda tufuate safari ya chai yetu. Tukisha kuchuma na kupima, majani huenda kiwandani. Yakisha kukaushwa na kutiwa katika mifuko, hupakiwa katika malori, nayo malori hushuka zaidi ya kilomita 700 mpaka Mombasa. Huko ndiko uliko mnada wa chai tangu 1969, na kutoka bandari ya Kilindini chai yetu huvuka bahari kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na nchi nyingine. Maji ya mito yetu hayaendi huko. Itare na Kipsonoi huingia katika Sondu. Nyangores, upitao Bomet, hukutana na Amala na kuwa mto Mara. Na yote huishia katika Ziwa Viktoria. Mito yetu haitufikishi baharini. Chai ndiyo inayotufikisha.

Basi tukifika Mombasa pamoja na chai yetu, tusitazame meli peke yake. Tutazame kandokando, mahali maji ya bahari yanapoingia nchi kavu. Tutaona msitu wa ajabu, miti imesimama ndani ya maji ya chumvi kama ng'ombe waliokwenda kunywa wakasahau kurudi. Hiyo ndiyo mikoko. Inaota kutoka Vanga, mpakani na Tanzania, hadi Gazi, hadi vijito vya Mombasa, hadi Mida karibu na Watamu, hadi Lamu na Kiunga. Katika Kenya yote ni kama hekta 60,000, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Ipo aina tisa, na watu wa Pwani huita kila mti kwa jina lake: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi na mingineyo. Kwa miaka mingi sana majahazi yalipakia boriti za miti hiyo Lamu, yakazipeleka Arabuni kujengea nyumba, mpaka serikali ilipokataza kuziuza nchi za nje mwaka 1982.

Mti wa huku kwetu ukimwagiwa maji ya chumvi hufa. Mikoko huishi humo. Mchu hutoa chumvi kwa majani yake. Ukiulamba jani utaionja. Mkoko huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi isiingie ndani. Lakini leo sitaki kusema juu ya chumvi. Nataka kusema juu ya maji kujaa na maji kupwa.

Huku juu tunajua mto. Mto hushuka daima, haurudi. Bahari sivyo. Bahari huja na kwenda. Kwa muda wa saa sita hivi maji hupanda, yakafunika matope na mizizi. Hayo ndiyo maji kujaa. Kisha kwa saa sita nyingine hushuka na kuondoka. Hayo ndiyo maji kupwa. Mara mbili kujaa na mara mbili kupwa, kila siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu maji hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa Pwani huyaita bamvua, na pale Mombasa yaweza kupanda na kushuka mita tatu na zaidi, yaani kupita urefu wa mlango wa nyumba. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anamwuliza Ayubu ni nani aliyeifungia bahari milango na kuiambia mwisho wake uko wapi. Mvuvi wa Lamu huuona mlango huo ukifunguliwa na kufungwa kila siku.

Ndugu msikilizaji, mtu wa milimani akifika huko wakati maji yamekupwa, husikitika. Asubuhi aliona maji ya buluu yanang'aa. Saa sita za mchana anakuta matope meusi. Yananuka kama yai bovu. Mashua zimelala ubavu. Mizizi ya miti iko wazi, imepindana, kama mifupa ya mnyama. Atasema, "Mahali hapa pameharibika. Bahari imepaacha." Lakini mwenyeji hatasema hivyo. Mwenyeji atachukua ndoo yake na kutoka, maana saa ya kazi imefika.

Tazama basi ni nini kinachotokea katika saa hiyo. Kaa wadogo, ambao dume wao ana gando moja kubwa kuliko mwili, hutoka mashimoni kwa maelfu na kula matopeni. Kaa wengine hukokota majani yaliyoanguka na kuyaingiza shimoni. Kuna samaki wadogo ambao hawafuati maji yakiondoka. Hubaki wakirukaruka juu ya matope kwa mapezi yao. Yangeyange na mdiria huja kuwinda. Na kati ya Agosti na Aprili huja ndege wengine wenye midomo mirefu, waliosafiri kutoka nchi za baridi za kaskazini, maelfu ya kilomita, ili kudonoa wadudu katika matope hayo hayo yanayotuchukiza. Pale Mida huonekana pia ndege mweupe na mweusi alaye kaa, ambaye huzaa katika visima vya mchanga alivyochimba huko Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Hawa wote hawaji kwa ajili ya maji yaliyojaa. Maji yakiwa yamejaa hawana pa kula. Huketi na kungoja. Chakula chao kimewekwa katika saa ya kupwa.

Tena, jambo kubwa kuliko hilo ni hili. Matope ya mikoko hayana hewa ndani yake. Mizizi ikikaa humo bila msaada itakufa. Kwa hiyo Mungu aliipa miti hiyo namna ya kupumua. Mchu na mlilana huinua kutoka matopeni mizizi midogo mingi, imesimama wima kama penseli zilizochomekwa ardhini. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui, na juu ya mizizi hiyo kuna matundu madogo sana. Maji yakijaa, matundu hufunikwa, na mti hukaa kwa hewa uliyoiweka. Maji yakipwa, matundu huwa wazi, na mti huvuta pumzi. Maji yakifungiwa mahali pamoja yasipwe tena, mizizi hiyo ikafunikwa siku zote, mti hufa. Umesikia, ndugu yangu? Saa ile ambayo mgeni anasema bahari imeuacha mti, ndiyo saa ambayo mti unavuta pumzi.

Sasa turudi nyumbani, na tufungue kitabu cha Ruthu.

Naomi alitoka Bethlehemu na mume na wana wawili. Walikwenda Moabu kwa sababu ya njaa. Huko mume akafa, na baada ya miaka kama kumi wana wote wawili wamekufa. Akarudi mikono mitupu pamoja na mkwewe. Wanawake wa mji walipomshangilia alikataa hata jina lake. Aliwaambia wamwite Mara, maana yake uchungu. Si mto wetu, ni neno la Kiebrania. Akawaambia kwamba aliondoka hali amejaa na Bwana amemrudisha hana kitu. Sikilizeni maneno ya mama huyu: kujaa, kisha utupu. Huyo alikuwa katika saa ya maji kupwa.

Wako akina Naomi wengi katika nchi hii ya chai. Sote tunajua. Mashine za kuchuma zimeingia katika mashamba makubwa, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilipanda mpaka mashine zikachomwa moto hapa Kericho. Moto ulizimika, lakini mashine hazikuondoka, wala nafasi za kazi hazikurudi kama zilivyokuwa. Na mkulima mdogo mwenye ekari moja hungoja bonasi mwaka mzima, akiwa na karo na deni la mbolea, na bonasi ikija pungufu huketi mlangoni bila kusema neno. Mama mmoja wa parishi yetu, aliyechuma chai tangu ujana wake na kulea watoto wanne katika nyumba ya kambi, aliambiwa kazi imekwisha na nyumba airudishe. Aliniuliza, "Mchungaji, kama Mungu alikuwa pamoja nami katika kambi, sasa ameenda wapi?"

Sikumjibu kwa kumwambia, "Usijali, mama, maji yatajaa tena." Ni rahisi kusema hivyo katika redio. Lakini wana wa Naomi hawakurudi. Walibaki katika makaburi ya Moabu. Kuna vitu ambavyo vikiondoka katika maisha haya havirudi jinsi vilivyokuwa, na mhubiri asiyekubali hayo huwaongezea watu uchungu. Kazi ile ya kuchuma kwa mikono huenda isirudi. Hatuna ahadi katika Maandiko kwamba kila kilichopotea tutarudishiwa mwezi ujao.

Ahadi tuliyo nayo ni nyingine. Soma tena mwisho wa sura ya kwanza. Naomi anasema hana kitu, na mwandishi anaongeza jambo dogo ambalo yeye mwenyewe hakulitaja: walifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri. Yeye aliona utupu. Mungu alikuwa amekwisha kuweka chakula shambani. Na tena kando yake alisimama Ruthu, ambaye Naomi, alipokuwa akihesabu alivyo navyo, alimsahau kabisa. Ndivyo tulivyo katika saa ya kupwa. Tunahesabu maji yaliyoondoka, wala hatutazami kilicho wazi mbele ya miguu yetu.

Yule mama wa parishi yetu tulikaa naye. Hatukuhesabu kilichopotea, hicho alikijua. Tulihesabu kilichobaki. Alikuwa na dada mwenye kipande cha shamba Bomet. Alikuwa na mikono inayojua majani kuliko mashine yoyote, yaani jani lipi lichumwe na lipi liachwe. Alikuwa na akina mama wenzake wa Umoja wa Akina Mama. Leo anapanda mboga na kuuza maziwa. Si tajiri. Nyumba yake ni ndogo kuliko ile ya kambi. Lakini anapumua.

Ndugu zangu, mnisikilize vizuri hapa, maana sehemu hii inatuhusu sote, hata wale ambao kwao maji yamejaa. Je, ni nini kinachoua mikoko? Kupwa hakuiui. Chumvi haiiui. Nitawaambia jambo lililotokea karibu na Mombasa, katika kijito cha Mwache. Katika mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998, mto ulishusha udongo mwingi sana kutoka mashamba ya juu, yaliyokuwa yamelimwa bila kingo na bila miti. Udongo ukafika pwani, ukatulia juu ya ile mizizi midogo ya kupumulia, ukaifunika. Maji yalikupwa kama kawaida. Saa ya kuvuta pumzi ilifika kama kawaida. Lakini matundu yalikuwa yamezibwa, na miti mingi ikafa imesimama. Waliolima kule juu hawakukusudia kuua mti wowote. Wengine wao hawakuwahi kuuona. Hata hivyo udongo wao ndio uliouziba.

Bwana Yesu, katika Mathayo 13, alisema juu ya mbegu iliyosongwa na miiba. Mtu anaweza kustahimili hasara, akastahimili hata msiba, kisha akasongwa na kinachomwagwa juu yake wakati amelala chini. Ni nini hicho? Ni mkopo wa haraka wa simu, unaochukuliwa kulipa mkopo mwingine. Ni jirani anayekuja wiki ile ile ya shida, akitaka kukodi chai yako miaka mingi kwa bei ya kutupa. Ni chang'aa, inayosema itakusahaulisha. Ni maneno ya kanisani: "Angeomba vizuri asingefukuzwa kazi." Ndugu, maneno hayo ni udongo. Yanafunika pumzi ya mtu ambaye Mungu alikuwa amemwachia nafasi ya kupumua.

Na sisi wa huku juu tusisahau udongo wenyewe. Tukikata miti ya Mau na kulima mpaka ukingo wa mto, Nyangores hushuka mwekundu kama chai ya maziwa. Hautafika Mwache, ni kweli. Utafika kwa Wamasai, kisha Serengeti, kisha kwa wavuvi walio karibu na Musoma, ambako Mara huingia ziwani. Hao nao ni jirani zetu, ingawa hatujui majina yao. Sheria ya kumpenda jirani hufuata maji mpaka yanapoishia.

Boazi alifanya nini? Hakumpa Ruthu hotuba. Aliwaagiza vijana wake wasimkemee, na zaidi ya hayo waangushe masuke mengine kwa makusudi ili ayaokote. Alifuata sheria ya Walawi 19, kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembeni, bali amwachie maskini na mgeni. Yaani aliacha sehemu wazi. Ruthu akaokota kwa mikono yake mwenyewe, akapura, akabeba nyumbani. Hakuaibishwa. Huo ndio msaada unaompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Mfano wa jambo kama hilo upo pwani hata leo. Katika kijiji cha Gazi na jirani yake Makongeni, kusini ya Mombasa, miti ilikuwa imekatwa sana zamani kwa kuni na boriti. Wenyeji pamoja na wataalamu wa bahari walianza kupanda upya. Dunia imechafua hewa kwa moshi wa mafuta na makaa, na mikoko huweka sehemu ya uchafu huo katika matope yake. Kwa hiyo tangu 2013 kuna mpango uitwao Mikoko Pamoja, ambapo watu wa nchi za mbali huwalipa wanakijiji hao kwa kuilinda miti. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Tazama jina lenyewe: Pamoja. Hakuna mtu mmoja awezaye kulinda pwani peke yake, na hakuna mtu mmoja awezaye kumbeba Naomi peke yake. Kazi hiyo ni ya kanisa zima.

Kabla sijamaliza, nitawatajia kiumbe mmoja mdogo. Katika miti ya mchu kule Mida yuko konokono. Maji yakiwa yamekupwa hushuka kutoka mtini na kula matopeni. Kisha, saa nyingi kidogo kabla maji hayajafika, wakati matope bado ni makavu na hakuna dalili machoni petu, hugeuka na kupanda mti tena. Wataalamu wamemchunguza miaka mingi. Yeye hula wakati wa kula, na hupanda wakati wa kupanda, wala hachanganyi saa hizo mbili. Nasi tumepewa akili kuliko konokono. Maji yakiwa yamejaa kwako, bonasi ni nzuri, mshahara upo, tumia siku hizo kupanda: lipa deni, weka akiba, msaidie aliye chini. Maji yakiwa yamekupwa, shuka bila aibu, ule kilichopo mbele yako, uvute pumzi, uombe.

Naye Naomi? Wana wake hawakurudi. Lakini mwisho wa kitabu tunamwona amempakata mtoto Obedi, mwana wa Ruthu na Boazi, na huyo Obedi ndiye babu yake Daudi, ambaye katika ukoo wake alizaliwa Mwokozi wetu. Hayakuwa maji yale yale yaliyorudi. Mungu alileta mengine.

Wiki hii, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye maji yamekupwa kwake. Usiende na maneno mengi. Nenda na kibaba cha unga au chupa ya maziwa, ukae naye, mhesabu pamoja kilichobaki. Na kama ni wewe mwenyewe uliye katika saa hiyo, usione haya kumfungulia mlango atakayebisha.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyeiwekea bahari mipaka na kuupa mti wa matopeni njia ya kupumua, uwakumbuke wote waliopoteza kazi, nyumba au wapendwa wao. Uwafumbue macho waone ulichowaachia. Utuzuie sisi tusiwe udongo juu ya ndugu zetu. Utufundishe kuacha pembe za shamba letu kwa ajili ya mwingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.